Vigari Vyenye Majina ya Samaki

Kigari changu cha kwanza nilipewa na fundi mkuu wa meli iliyokuja Mtwara kupakia korosho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya bandarini. Mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia kutoka Njombe, yeye akiwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, tukapanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Likombe. Mwaka wa kwanza tulilalamikia joto kutwa. Mwaka wa tatu tulipokwenda nyumbani likizo tulitetemeka kwa baridi mpaka ndugu zetu wakatucheka.

Fundi yule alikuwa Mtaliano mtu mzima, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu kabisa na ngozi. Aliingia ofisini akiuliza kwa Kiingereza cha kubahatisha mahali pa kupiga simu ya nje. Binti yake alikuwa karibu kujifungua na yeye alikuwa hajasikia habari kwa majuma matatu. Bosi wangu aliniruhusu nimpeleke posta. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri laini kwa zaidi ya saa mbili, hatuna lugha ya kuzungumzia, mpaka akaitwa. Ndani ya kile kibanda cha simu alipiga kelele, akanyamaza, akapiga kelele tena. Alipotoka alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Aliweka mikono kama mtu aliyebeba mtoto, kisha akaonyesha masikio yake kwa vidole, kama hereni. Foleni nzima ikaelewa kwamba ni mtoto wa kike, na watu wakampigia makofi.

Kesho yake, kabla meli haijaondoka, alikuja na kitu amekifunga kwenye leso. Kilikuwa kigari chekundu cha viti viwili, cha chuma, kirefu kupita kidole changu cha kati kwa kiasi kidogo. Kilikuwa na usukani mweupe mwembamba kama uzi, na milango yake ilifunguka. "Gari la kwetu," aliniambia kwa Kiingereza chake kile. "La zamani. La ujana wangu."

Nyumbani mume wangu alikigeuza juu chini, akasoma maandishi madogo tumboni: moja, mkwaju, arobaini na tatu.

"Ni skeli," alisema, uso umemchangamka. "Kama ya ramani. Ukikikuza mara arobaini na tatu unapata gari lenyewe."

Alichukua rula, akapima, akapiga hesabu nyuma ya daftari la mwanafunzi. Kisha akatoka uani na kijiti, akachora gari zima mchangani kwa ukubwa wake wa kweli, akatia na viti. Tukaingia tukakaa, yeye upande wa usukani, mimi pembeni. Ilikuwa saa kumi jioni, Jumapili, na jirani yetu aliyekuwa anaanika muhogo alisimama kututazama. Sijui alifikiri nini. Mimi nilifikiri kwamba sijapata kukaa ndani ya kitu kizuri namna ile.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Cha pili nilikipata sokoni, kwa muuza mitumba aliyekikuta ndani ya mfuko wa koti la mtoto. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, rangi ya maziwa. Nilimwomba muuzaji aniwekee kila atakachokiona, naye akafanya hivyo, ingawa mwanzoni aliniletea kila chenye magurudumu. Ilibidi nimfundishe kutazama tumboni penye jina la nchi. Vya Kijapani na vya Kijerumani nilivikataa kwa upole. Si kwamba vilikuwa vibaya. Ila vile vya Kitaliano, hasa vya magari ya zamani, ungeweza kupitisha kidole kuanzia taa za mbele mpaka nyuma bila kidole kukwama popote. Sikuwa na maelezo mengine ya kumpa mtu.

Na watu walitaka maelezo. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa tano na sikuwa nimepata mtoto. Mwanamke wa namna hiyo akionekana anapokea vigari kutoka kwa mabaharia na kuvipanga kabatini, majirani hawahitaji kuuliza. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja siku moja kusali, na mmoja wao alishika kile cha rangi ya maziwa, akafumba macho, akamwomba Mungu amlete mwenyewe wa kukichezea. Nikaitika amina pamoja nao. Kukanusha kungechukua maneno mengi, na sikuwa na hakika kama mtu mzima anaruhusiwa kusema kwamba anapenda vigari, basi.

Mume wangu pia alikuwa akilifikiria jambo hilo. Jioni moja, tukichambua mchele, aliuliza bila kunitazama.

"Unamwekea mtoto?"

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Nauliza mimi."

Nilitoa chuya chache nikazitupa. "Mtoto namtaka," nilimwambia. "Vigari navitaka pia. Ni mambo mawili."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya darasani mwanafunzi anapompa jibu ambalo hakulitarajia lakini ni sahihi. "Sawa," alisema. "Basi lile kabati linahitaji kioo." Mwisho wa mwezi alimleta fundi akaweka kioo.

Tarishi wa ofisi yetu alikuwa mtu wa Msimbati, kijiji cha pwani. Aliponiona naweka kigari mkobani alicheka. "Kumbe mko wengi," alisema. "Kule kwetu kuna mama anavyo hivyo. Alikuwa anawafulia nguo Waitaliano waliokuja kuchimba kisima cha gesi."

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la mizigo lililokuwa linakwenda huko. Kilomita za mwisho tulizitembea kwa miguu, maana gari lilizama kwenye mchanga na dereva akalala chini yake kivulini akisubiri msaada. Nilifika kwa mama huyo viatu mkononi. Nilimkuta anabangua korosho mbele ya nyumba yake, mwanamke mwembamba wa makamo, mikono imepata madoadoa meusi ya mafuta ya maganda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka."

Alinipa maji na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, akaniuliza habari za Mtwara, za kazi, za mume, za watoto. Nilipomwambia watoto bado, hakusema pole wala hakuniombea. Aliuliza, "Sasa umefuata nini huku?"

Nilifungua mkoba nikamtolea kigari chekundu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakipokea, akakitazama upande huu na upande huu. Kisha aliingia ndani akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vya kanga iliyochakaa, na katika kila kitambaa mlikuwa na kigari.

"Wewe unavyo vingapi?" aliuliza.

"Vitatu."

"Mimi saba," alisema. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akijivuna kwa utulivu namna ile.

Alinihadithia. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa na desturi ya kusahau vitu mifukoni. Siku ya kwanza mama alikuta kigari kwenye suruali ya kufua, akakirudisha. Yule bwana akashangaa kwamba amekirudisha, akamwonyesha vingine mezani kwake. Kila alipopeleka nguo alitazama, naye yule bwana alimwachia ashike. Walipofunga kisima na kuondoka, wenzake walipewa vyandarua na masufuria. Yeye aliulizwa anataka nini, akaonyesha meza.

"Mume wangu marehemu alinigombeza siku tatu," alisema. "Wenzako wamepata masufuria!"

Hakujua majina ya magari yale, na herufi za tumboni hazikumshughulisha. Alivipa majina ya samaki. Kirefu cha rangi ya fedha kilikuwa Nguru. Kinene chenye mdomo mpana, Chewa. Chekundu kilichopauka, Changu. Na kimoja cha manjano kilikuwa bapa kabisa, kimekatwa kama kabari, na milango yake ilifunguka kwenda juu badala ya pembeni. Hicho kilikuwa Taa, kwa sababu milango ikiwa juu kilifanana na samaki taa anapoinua mabawa kuondoka mchangani. Nilikitamani kile mpaka nikaona haya.

Niliuliza kama anaweza kuniuzia.

"Hapana," alisema, na akaanza kumenya ming'oko.

Nilipokuwa naaga, jua limeanza kupungua ukali, aliniita tena. Alikuwa ameshika Taa ndani ya kitambaa chake. "Kichukue kikawasalimie wenzake. Utanirudishia baada ya mavuno ya korosho. Si chako."

"Si changu, mama."

Nilikitunza miezi miwili. Kisha mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Njombe, safari ya siku nne kupitia Songea na Tunduru, na debe la viazi mviringo na mahindi ya kukaanga. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye sauti ndogo. Lakini niligundua kwamba kila akipita mbele ya kabati la vigari aligeuza uso.

Juma la pili nilirudi kutoka kazini nikakuta nafasi tupu nyuma ya kioo, mahali pa Taa.

"Mama, kile cha manjano kiko wapi?"

"Nimempa yule mtoto wa jirani anayeumwa surua," alisema. "Analia kutwa, mama yake hajapumzika. Nimempa kaacha kulia." Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, usivitazame kila siku. Vinakuumiza. Mtoto akija atanunuliwa vingine."

Nilitoka nje nikasimama karibu na kisima cha uani. Ningesema nini? Alikuwa amefanya jambo la huruma kwa mtoto mgonjwa, na la huruma kwangu pia, kwa jinsi alivyoniona. Nilivaa kanga nikaenda kwa jirani. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, msichana wa miaka minne hivi, uso una vipele, na ngumi yake imefunga mabawa ya Taa. Mama yake alinishukuru mara tatu. Nikamjibu kwamba nimekuja kumjulia hali mgonjwa tu, nikarudi nyumbani.

Mume wangu aliposikia alitaka kumweleza mama yake ukweli palepale. Nilimkataza. Nilingoja mtoto apone. Zilipita kama wiki tatu, mama mkwe akawa amesharudi Njombe, ndipo nikaenda na kile kigari cha rangi ya maziwa, nikaomba tubadilishane. Mtoto hakuwa na neno. Alikwenda nyuma ya nyumba akafukua shimo alimokuwa amekizika, akaniletea Taa. Gurudumu moja la nyuma halikuwepo. Mlango mmoja ulikuwa umekatika. Rangi ya juu ilikuwa imekwanguliwa, na ndani mlikuwa mmejaa mchanga mbichi. Tulilitafuta gurudumu lile mimi na mama yake kwa chekeche la unga, hatukulipata.

Safari ile ya Msimbati ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, ingawa siku hiyo gari halikuzama. Nilimweleza mama yule kila kitu, tangu mwanzo hadi mwisho, sikujitetea. Alikiweka Taa kwenye kiganja akajaribu kuinua mlango uliobaki. Uliinuka.

"Mtoto kapona?" aliuliza.

"Kapona, mama."

"Alhamdulillahi." Aliingia ndani na kigari chake, na hakutoka. Nilisubiri mkekani mpaka binti yake mkubwa akaja kuniambia kwa aibu kwamba mama amelala. Hatukuwa tumefika hata adhuhuri.

Mwaka mzima haukuja ujumbe. Nilimtumia salamu kupitia tarishi, na sukari siku ya Idi. Sukari ilipokewa, salamu hazikujibiwa. Nilikuwa nimezoea kupata vigari na sikuwa nimezoea kukosa mtu wa kumwonyesha. Baharia mmoja aliniachia kimoja cha bluu iliyokolea, kizuri ajabu, chenye taa zilizolala kama macho ya mtu anayesinzia, na jambo la kwanza nililofikiri ni samaki gani yule mama angekiita.

Kisha, msimu wa mabibo ya korosho uliofuata, tarishi aliingia ofisini akasimama mbele ya mashine yangu ya chapa.

"Mama anasema uende. Na uende navyo vyote."

Nilivipakia kwenye boksi la viatu, vikiwa tisa wakati huo, nikaenda. Alinipokea kana kwamba tuliachana jana. Mkekani alikuwa ameshapanga vyake, na katikati alikuwemo Taa. Alikuwa amekata gurudumu kutoka kwenye kandambili kuukuu, akalichonga kwa wembe, akalibandika kwa utomvu wa mkorosho. Lilikuwa la kijani na lilizidi kidogo ukubwa, kwa hiyo Taa alikaa ameinamia upande mmoja. Mlango hakuugusa.

"Nilikasirika," alisema.

"Najua, mama."

"Sikukasirikia mtoto. Wala mama mkwe wako. Wewe. Kwa nini hukumwambia kwamba ni vyako? Kwamba unavipenda? Ungemwambia siku ya kwanza, asingevigusa."

Yeye alikuwa amegombezwa siku tatu kwa ajili ya vigari vyake na hakuwahi kumdanganya mtu ni vya nini. Mimi niliitika amina.

Kisha alivikagua vyangu kimoja kimoja kama mtu anayenunua samaki, na alipofika kwenye kile chekundu cha fundi wa meli, alikifunga kwenye kitambaa akakitia kwenye kopo lake.

"Hiki kitakaa hapa," alisema. "Tutaona nani anajua kutunza."

Kilikaa miaka miwili. Kila nilipokwenda nilikikuta kinang'aa kuliko nilivyokiacha, na kila mara alinihakikishia kwamba hajamaliza kukiangalia. Niliporudi nyumbani siku ile alipokichukua, nilimwandikia mama mkwe barua. Nilimweleza kwamba vigari vile si vya mtoto, na kwamba havijawahi kuniumiza. Jibu lilichukua miezi mitatu. Aliandikiwa na mjukuu wake, mistari michache, na katikati alisema kwamba yeye naye, tangu msichana, hukusanya vifungo vya nguo, anavyo kopo zima, na baba mkwe hajui.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nimeshakata tamaa na kuacha kuhesabu miezi. Akina mama wa jumuiya walikuja na nyimbo, na mmoja alionyesha kabati akasema sasa vimepata mwenyewe.

"Vina mwenyewe," nilimwambia. "Ni mimi." Alicheka, akidhani natania, kisha akanitazama tena akaacha kucheka. Binti yangu, kwa upande wake, hakuvijali kabisa. Alipenda kuku.

Miaka ilipoingia elfu mbili na kidogo, wageni wengine walikuja kukifungua kile kisima cha gesi. Magari makubwa yakaanza kupita Msimbati, na barabara ikashindiliwa vizuri zaidi. Mama yule aliniambia kwamba anasikia mitambo ikipita lakini haioni. Nilidhani ana maana imepita mbali. Mpaka siku nilipomletea kigari kipya akakipokea bila kukitazama, akakipapasa kuanzia mbele mpaka nyuma, nikaelewa kwamba macho yake yalikuwa yamefunga ukungu.

"Kirefu, mgongo umeinuka kidogo," alisema. "Kizito. Hiki Kikande." Kikande ni samaki mweusi wa miambani.

Ilinichukua muda kumshawishi akapasuliwe macho. Aliogopa kisu jichoni, na aliogopa zaidi kuacha mikorosho yake wakati wa kupulizia dawa. Hatimaye madaktari wa macho walipokuja hospitali ya mkoa, alikuja kukaa kwetu Likombe na kopo lake la maziwa ya unga. Mume wangu alimpisha kiti chake karibu na dirisha. Kabla ya siku ya upasuaji alivimwaga vyote mezani, vyake na vyangu, mume wangu akavipanga, naye akawa anavipapasa kwa vidole, akituuliza kwa nini Nguru amewekwa karibu na Changu wakati hawakai pamoja. Mume wangu, ambaye alikuwa ameandika majina yote kwenye vipande vya karatasi kwa mwandiko wake wa ubaoni, alimjibu kwa adabu kwamba amevipanga kwa miaka ya kutengenezwa. Walibishana siku mbili. Sijapata kumwona mume wangu akishindwa hoja kwa furaha kiasi kile.

Bandeji ya jicho la kwanza ilitolewa asubuhi ya Alhamisi. Tulirudi kwa miguu polepole, akisimama kila hatua chache kutazama vitu: mabati ya nyumba, mbuzi, kanga za watu. Alisoma kwa sauti rangi za kila kanga tuliyopishana nayo. Kufika nyumbani hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua kioo, akatoa kigari alichokuwa amekiita Kikande, akakipeleka dirishani.

"Hiki ni cha kijani!"

"Ndiyo, mama. Kijani cha bahari."

"Na wewe ukaniacha mwaka mzima nakiita Kikande? Mwalimu naye?"

"Tulidhani unaangalia umbo," mume wangu alijitetea.

"Umbo gani. Huyu ni Pono, yule samaki wa kijani." Alikigeuza kwenye mwanga, akakifumbia jicho lile jipya, akalifumbua tena. "Pono kabisa. Andika."

Mume wangu akatafuta kalamu, akaichana ile karatasi ya zamani, akaandika nyingine. Mama aliisubiri ikauke wino, akaiweka mwenyewe chini ya kigari, akasogeza viwili vya jirani ambavyo kwa maoni yake vilikuwa vimembana. Kisha akauliza kama ile chai ya asubuhi bado ipo.